Mpira wa Kifua: Usiuchokoze Mshipa Ulio Chini ya Ubavu

"Dokta, nipite juu ya ubavu au chini yake?" Nimeulizwa swali hili mara nyingi na wanaoweka mpira wa kifua, yaani mrija wa kutolea hewa au damu iliyojaa kifuani, na mara nyingi saa nane za usiku, hata nimeamua kuandika jibu lote mahali pamoja. Kila kundi jipya la madaktari wa mafunzo linakuja nalo, na nyuma yake yanafuata mengine mawili: "Mbona damu imeacha kutoka ghafla?" na "Nimwite mpasuaji lini?" Hayo mawili ndiyo yanayoua watu, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi.

Mwongozo huu ni wa daktari wa mafunzo, tabibu au muuguzi wa dharura ambaye ameshaona mpira wa kifua ukiwekwa, na ambaye ana mtu mzoefu wa kusimama naye. Kama wewe ni ndugu wa mgonjwa na umeufikia huku ukitafuta msaada: kisu kikiwa bado kimo mwilini usikichomoe, usimpe chakula wala kinywaji, mkimbize hospitali. Hatua zilizo hapa chini si zako.

Unachopaswa kukijua kwanza

Katika nafasi kati ya ubavu na ubavu hupita mishipa. Juu kabisa ni vena, chini yake ateri, kisha neva. Vyote vitatu hulala kwenye mfereji ulio ukingoni mwa chini wa ubavu wa juu, vimejificha kama nyoka chini ya mwamba. Ndiyo maana tunapita juu ya ubavu wa chini. Lakini kuna tawi dogo linalopita juu ya huo ubavu wa chini pia, hivyo hata huko hatukati kwa kisu. Tunapanua kwa chombo butu.

Mambo mengine mawili. Ateri hii hupokea damu kutoka pande zote mbili: nyuma kutoka aota, ule mshipa mkuu utokao moyoni, mbele kutoka mshipa unaoshuka pembeni mwa mfupa wa kidari. Ukiikata, inavuja kwa ncha zote mbili, na ukifunga ncha moja hujafanya kitu. Pili, karibu na uti wa mgongo ateri bado haijaingia kwenye mfereji wake. Inazurura katikati ya nafasi, na kwa wazee inakuwa imepindapinda. Anayechoma sindano mgongoni karibu na uti anacheza kamari.

Ukitaka kuelewa bila kitabu, nenda buchani ununue mbavu za mbuzi ambazo hazijakatwakatwa. Zigeuze uone upande wa ndani, kisha pitisha kidole kwenye ukingo wa ubavu ulioelekea mkiani. Utaukuta mfereji na mishipa imelala humo. Nimewafundisha wengi kwa mbavu hizo kuliko kwa michoro ya ubaoni, na jioni hazipotei bure.

Mshipa huu huumia kwa njia tatu kuu: mbavu zilizovunjika (ajali za bodaboda zinatuletea nyingi), kisu au kitu kingine cha ncha kali, na mikono yetu wenyewe. Hiyo ya tatu ndiyo tunayoweza kuizuia leo.

Andaa haya kabla hujamgusa mgonjwa

- Mpira wa kifua. Kwa mtu mzima mwenye damu kifuani, namba 28 hadi 32. Mwembamba zaidi utazibwa na mabonge ya damu.
- Chupa yenye mfuniko na mirija yake, ya kupokea kinachotoka kifuani, pamoja na maji safi yaliyotakaswa.
- Kisu cha upasuaji, forsepsi (koleo za upasuaji) mbili zilizopinda zenye ncha butu, kishika sindano, mkasi, na uzi mnene wa hariri.
- Glovu tasa, shuka tasa lenye tundu, gozi nyingi (vitambaa tasa vya kidonda), plasta, dawa ya kusafishia ngozi.
- Ganzi ya lidokaini, bomba la sindano, sindano fupi na ndefu.
- Mpira wa mkojo wa namba 18 au 20, na bomba la mililita 20. Ndiyo, wa mkojo. Utaelewa mbele.
- Oksijeni, dripu mbili kwenye mishipa mikubwa, na sampuli ya damu iliyokwisha kwenda maabara kupimwa kundi na kulinganishwa.
- Namba ya simu ya mpasuaji, na simu yenye salio.

Hesabu ganzi kabla hujaivuta. Kiwango salama cha lidokaini isiyo na adrenalini ni miligramu 3 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 anapata miligramu 180, yaani mililita 9 za ile ya asilimia 2, au mililita 18 za ile ya asilimia 1. Ukiwa na ya asilimia 2 peke yake, ichanganye nusu kwa nusu na maji ya chumvi ya dripu ili upate ujazo wa kutosha kuenea. Ukiwa bahili wa ganzi, mgonjwa ataruka katikati ya kazi, na chombo chako kitahama kwenda usikokutaka.

Uliza pia kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Wagonjwa wa moyo wengi wanazo mfukoni na hawasemi mpaka waulizwe.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha upande. Sikiliza kifua, gonga kwa vidole, angalia picha ya eksirei mwenyewe na usome alama ya kulia na kushoto. Picha iliyopigwa mgonjwa amelala inaweza kuficha damu nyingi, kwa sababu imetandazika nyuma na inaonekana kama ukungu tu. Kama kuna ultrasaundi, itumie. Ila mgonjwa anayekata roho kwa hewa iliyomkaba kifuani hasubiri picha: huyo hewa yake inatolewa kwanza kwa sindano, mengine baadaye.

2. Mweke vizuri. Kama uti wa mgongo hauna shaka, mwinue kichwa na kifua nusu kukaa, mkono wa upande unaohusika uende nyuma ya kichwa. Hilo hutanua nafasi kati ya mbavu. Kama ni ajali na shingo haijathibitishwa, abaki amelala chali, mkono uvutwe pembeni.

3. Tafuta pembetatu salama. Mbele ni ukingo wa msuli mkubwa wa kifua, nyuma ni ukingo wa msuli mpana wa mgongo, chini ni mstari wa usawa wa chuchu, na kilele kipo chini ya kwapa. Unalenga nafasi ya nne au ya tano, mbele kidogo ya mstari wa katikati ya kwapa. Kwa wanawake na watu wanene chuchu hudanganya, hivyo hesabu mbavu: kinundu unachokipapasa juu ya mfupa wa kidari kiko sawa na ubavu wa pili, shuka kutoka hapo. Kwa mjamzito panda nafasi moja juu, maana mimba imesukuma kila kitu.

4. Weka alama kwa kalamu kabla ya kusafisha. Ukishafunika shuka, kifua chote kinafanana.

5. Vaa glovu tasa, safisha eneo pana, funika.

6. Weka ganzi tabaka kwa tabaka. Anza na ngozi, shuka mpaka sindano iguse mfupa wa ubavu wa chini, mimina hapo, kisha itembeze ncha taratibu ipande juu ya ubavu mpaka iteleze kuingia. Vuta bomba kila unaposonga. Ukipata hewa au damu ya kifuani, umefika. Rudi nyuma kidogo na umwage iliyobaki pale kwenye utando unaofunika ukuta wa kifua kwa ndani, maana utando ndio wenye maumivu makali kuliko vyote. Subiri dakika chache. Hizi dakika watu wengi wanaziruka.

7. Kata ngozi sentimita 3 hadi 4, sambamba na ubavu, juu ya ubavu wa chini wa nafasi uliyoichagua. Kisu kinaishia kwenye ngozi na mafuta. Kiweke chini, mbali na mkono wako, na usikishike tena.

8. Ingiza forsepsi ikiwa imefungwa, ncha yake iguse ubavu wa chini, kisha uifungue kupanua misuli. Funga, songa, fungua. Mfupa ukiusikia chini ya chuma muda wote, uko mahali salama. Ukiupoteza, simama uutafute upya.

9. Toboa utando kwa forsepsi iliyofungwa, huku mkono wako wa pili ukiizuia karibu na ncha isizame. Utasikia mshtuko mdogo, kisha hewa au damu. Fungua forsepsi ukiwa ndani na uitoe ikiwa wazi.

10. Ingiza kidole. Zunguka nacho polepole uhakikishe uko kifuani, si juu ya ini wala wengu, na kwamba pafu halijagandamana na ukuta. Kama mbavu zimevunjika, ncha za mfupa ni kama chupa iliyopasuka. Zinachana glovu na kidole chako.

11. Shika ncha ya mpira kwa forsepsi, uingize ukifuata njia ya kidole, uelekeze nyuma na juu. Tundu la mwisho la mpira lazima liwe ndani kabisa, na liwe mbali kidogo na ukingo wa kidonda. Unganisha na chupa mara moja.

12. Hakikisha maji kwenye mrija wa chupa yanapanda na kushuka mgonjwa akipumua. Shona mpira kwa uzi mnene, funga fundo usiloliogopa, weka gozi na plasta. Piga picha ya kuthibitisha.

Kuhusu trokari, kile chuma chenye ncha kali kinachokuja ndani ya baadhi ya mipira: kitoe, ukitupe kwenye boksi la vitu vyenye ncha kali, endelea na kazi. Najua wapo wakubwa wanaokitumia bado. Mimi nilishuhudia kikizama kwenye pafu, na tangu siku hiyo sina mjadala nacho.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kupita katikati ya nafasi "ili kuwa mbali na mbavu zote mbili" ni fikra nzuri inayokupeleka mahali pabaya ukiwa nyuma ya kifua. Ukitoa maji kwa sindano mgongoni, kaa angalau sentimita 10 kutoka katikati ya uti, na bado utembee juu ya ubavu wa chini.

Kupitisha mpira kwenye kidonda cha kisu kilekile, kwa kuwa tayari kuna tundu. Kidonda hicho kimechafuka, njia yake huijui, na huenda ndicho kilichokata mshipa unaovuja. Fungua njia yako.

Kubana mpira unaotoa mapovu wakati wa kumhamisha mgonjwa. Hewa itajaa ndani na kumkaba njiani. Chupa ibaki chini ya usawa wa kifua, wima, mpira wazi.

Na kosa dogo linaloharibu hesabu zote: kusahau kiasi cha maji uliyoyaweka kwenye chupa mwanzoni. Uliweka mililita 500, chupa sasa inasoma 900, basi damu ni 400. Bandika plasta kwenye chupa, chora mstari wa kuanzia, na kila saa chora mstari mwingine ukiandika muda. Atakayepokea zamu ataelewa bila kukuamsha. Ncha ya mrija izame majini kama sentimita 2. Ikizama sana mgonjwa anapata kazi kubwa kusukuma hewa.

Kuisoma chupa

Haya ndiyo majibu ya "nimwite lini". Kwa mtu mzima, mwite mpasuaji kama zimetoka mililita 1500 mara tu mpira ulipoingia, au kama zinaendelea kutoka mililita 200 kila saa kwa saa 2 hadi 4. Hivyo ndivyo vipimo vya mafunzo ya kimataifa ya majeruhi. Lakini usiwe karani wa namba. Mgonjwa ambaye mapigo yanapanda, presha inashuka na viganja vimekuwa baridi anahitaji mpasuaji hata kama chupa ina mililita 700.

Kwa mtoto namba hizo zitupe kabisa. Mtoto wa kilo 20 ana damu kama lita 1.6 mwili mzima. Ukisubiri 1500 umesubiri maiti.

Ukiwa kituo cha mbali, ambako rufaa ni safari ya saa nyingi kwenye barabara ya vumbi, piga simu mapema zaidi. Mimi napendelea nipigiwe simu tatu za bure kuliko moja iliyochelewa. Wakati unasubiri, anza dawa ya traneksamiki, inayosaidia kupunguza kutoka damu: gramu 1 kwa dakika 10 kwenye mshipa, kisha gramu 1 nyingine kwa saa 8, iwapo hazijapita saa 3 tangu aumie. Ushahidi wake umetoka kwenye utafiti wa CRASH-2 wa mwaka 2010, uliokuwa na majeruhi zaidi ya 20,000, na dawa yenyewe si ya bei ya kutisha.

Mambo yakienda kombo

*Ulikuwa unatoa hewa tu, na sasa damu nyekundu mbichi inashuka.* Mpaka ithibitishwe vinginevyo, umekata mshipa. Usiuchomoe mpira. Bonyeza kwa nguvu kuzunguka kidonda, mwambie mwenzako apige simu, agiza damu. Usifiche. Nilipokuwa mwanafunzi wa vitendo nilikaa nusu saa nikijiambia kwamba ni damu ya ngozi, hadi muuguzi mmoja mtu mzima aliponisogeza kwa bega na kumpigia simu mkubwa wangu bila kuniomba ruhusa. Mgonjwa alipona kwa sababu yake.

*Damu inachuruzika pembeni mwa mpira.* Fungua bandeji uangalie. Ikiwa ni ya ngozi au msuli, mshono mmoja na kubonyeza dakika chache vinatosha. Ikiwa inatoka kwa mapigo kutoka ndani, rudi kwenye aya iliyotangulia. Na kumbuka kwamba mshipa uliokatwa unaweza kumwaga damu yote ndani ya kifua huku ngozi ikiwa kavu.

*Damu haisimami na mpasuaji yuko mbali.* Hapa ndipo mpira wa mkojo unapofanya kazi yake ya pili. Uingize kupitia kidonda kinachovuja mpaka puto lipite utando na kuwa ndani ya kifua. Jaza puto maji tasa mililita 10 hadi 20. Kisha vuta nje taratibu mpaka puto likabe ukuta wa kifua kwa ndani na kuubana mshipa kwenye ubavu. Weka gozi juu ya ngozi, bana mpira wa mkojo kwa forsepsi juu ya hiyo gozi ili mvuto usilegee. Ziba pia tundu la mkojo la mpira huo, kwa maana ndiyo njia nyingine ya damu na hewa. Mpira wa kifua utapita kwenye tundu jingine. Hii ni kwa ajili ya kununua muda wa safari, wala si tiba. Mpasuaji akifika ataufunga mshipa pande zote mbili za jeraha, au atazungusha uzi mnene kwenye ubavu mzima.

*Damu imeacha kutoka ghafla.* Swali la pili la usiku wa manane, na kawaida linaulizwa kwa sauti ya furaha. Kabla hujafurahi, angalia maji ya mrija. Yanapanda na kushuka? Mapigo yametulia? Basi huenda kweli imekoma. Maji yamesimama tuli na mapigo yanakwenda 130? Mpira umeziba, na damu inajaa ndani usikoiona. Upande mmoja wa kifua cha mtu mzima unaweza kumeza lita 3 hivi. Tafuta mahali mpira ulipokunjwa au alipoulalia, ukamue kwa vidole kuelekea kwenye chupa, piga picha. Ukibaki umeziba, weka mwingine. Usiusukume ndani ule wa zamani, kwa sababu sehemu iliyokuwa nje si tasa tena.

*Umevuta damu kwenye sindano na hujui kama ni ya kifuani au ya mshipa.* Iweke kwenye chupa kavu. Iliyokaa kifuani kwa muda mara nyingi haigandi. Ya mshipani huganda ndani ya dakika chache. Si kipimo cha kuapia, ila kinasaidia kuamua kama usonge au usimame.

*Mgonjwa anakohoa sana na kubanwa wakati maji mengi ya siku nyingi yanatoka.* Pafu lililokuwa limesinyaa linafunguka haraka mno. Hapa, tofauti na hewa, bana mpira kwa muda. Maji ya zamani usiyatoe zaidi ya lita 1.5 kwa mkupuo.

*Mbavu zilivunjika, picha ya kwanza ilikuwa safi, akaruhusiwa, amerudi baada ya siku tano akihema.* Usimwambie ni maumivu ya mbavu na kumwongezea vidonge. Ncha ya mfupa inaweza kuuchana mshipa siku kadhaa baadaye, au bonge lililoziba jeraha likabanduka kwa kikohozi kimoja. Sikiliza chini ya kifua upande ulioumia, na umpige picha nyingine siku hiyohiyo, akiwa amekaa.